Usihesabu makofi: kwa wadogo zangu mnaoanza kuandika kuhusu ndoa kwenye fasihi

Naandika hii kwa sababu mwezi huu peke yake wamenitafuta wanafunzi wanne, wengine digrii ya kwanza wengine ndo wanaanza masta, na wote wana topiki moja, ukatili dhidi ya mwanamke ndani ya ndoa kwenye riwaya fulani na fulani, na wote wanne wameniletea kitu kilekile nilichowahi kumpelekea msimamizi wangu miaka ile: jedwali. Sasa badala ya kurudia maneno yaleyale kwenye voisi za dakika saba saba nimeona niandike mara moja, akija wa tano namtumia hii.

Jedwali langu lilikuwa zuri jamani, nisiseme uongo. Safu tano: ukurasa, nani kapiga, kapigia nini, kisa nini, na aliyepigwa akafanyaje. Nilikaa wiki tatu na riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi na penseli mkononi, kila Zakaria, baba yake Rosa, akinyanyua mkono naandika, nikapaka rangi, nyekundu kipigo, njano tusi, nikaenda steshenari kuprinti ya rangi, hela ya kula ya siku mbili ikaishia pale. Msimamizi alilisoma kasimama mlangoni kwake, anawahi kipindi, akatoa kalamu akaandika pembeni "Sawa. Halafu?" akanirudishia akaondoka zake. Wiki nzima nilimchukia. Nikajisemea huyu mwanaume ataelewa wapi.

Ila lile swali likagoma kunitoka. Maana kwamba Regina anapigwa na mumewe Zakaria hilo hata asiyesoma fasihi analijua, asome kurasa chache tu za mwanzo anaelewa. Jedwali haliniambii kwa nini anayepigwa analala kitanda kilekile usiku huohuo, kwa nini majirani wanasikia na hawatoki, kwa nini asubuhi mume anaulizia chai na chai anapewa. Hayo hayapo kwenye kofi, yapo kabla yake na baada yake, na mimi nilikuwa nahesabu katikati tu.

Kwa hiyo la kwanza ninalowaambia, na mkilishika hili mengine yote mnaweza kuyasahau: kofi liweke pembeni kidogo, tafuta mlango. Nani ana ruhusa ya kutoka, nani anaomba, nani anapewa hela ya sokoni imehesabiwa mpaka shilingi ya mwisho, nani akiongea mwingine ananyamaza. Ukishayaona hayo ndo urudi kwenye kofi, utalikuta limekaa mahali pake.

Mimi mlango niliuona kwenye Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya 1980. Bwana Maksuudi ni mtu wa siasa, mjini ana heshima zake, lakini nyumbani mkewe Tamima na binti yao Maimuna hawatoki. Hawatoki kabisa yaani, ndani ni ndani. Sasa angalia mwandishi kaupasulia wapi huo mlango. Angeweza kuleta mwanaume mwingine, angeweza kuleta pesa zimeibwa, visa vya talaka vimejaa tele. Yeye kaleta uchungu wa kuzaa. Mama anataka kujifungua, mwenye nyumba keshaweka amri zake, mkunga anaitwa bila ruhusa yake, bwana anarudi anamkuta mgeni ndani ya nyumba yake, na mwisho wake Tamima anaachwa. Kosa lake ni kwamba alizaa akisaidiwa. Mkunga ni mtu ambaye kazi yake nzima ni kuingia ndani kuokoa uhai, na ndani ya nyumba ile kuingia ndiyo jinai. Niliposoma tena pale baada ya ile "Halafu?" niliweka kitabu chini nikaenda kunywa maji, si utani, maana nilishakisoma mara tatu kabla na hicho kitu nilikuwa nakipita kama napita kituo cha daladala kisicho changu.

Halafu mtazame Maimuna. Mtoto aliyefungiwa mpaka mtaa wake haujui, mlango unaachia, anatoka mbio, na mji unammeza. Tasnifu nyingi nilizosoma zinamalizia pale kwa kusema Maimuna aliharibika kwa tamaa za ujana. Hapana bwana. Rosa naye alilindwa na baba yake kwa fimbo, akipewa barua na mvulana ni kipigo, akaja kuondoka nyumbani kwenda kusoma mbali akakutwa hana kinga yoyote, kwa sababu alichofundishwa maisha yake yote ni kumuogopa baba, na baba sasa hayupo. Hizo riwaya mbili zimepishana miaka tisa, Rosa ni ya 1971, moja imetoka Ukerewe kwenye familia ya Kikatoliki, nyingine Zanzibar kwenye nyumba ya Kiislamu, na ufunguo ni uleule. Kwa hiyo ukijisikia kuandika ile sentensi ya "utamaduni wa watu wa Pwani humkandamiza mwanamke" hebu ondoa mkono kwenye kibodi kwanza. Na mwenye kuandika "mila potofu za bara" naye vilevile.

Kuna ugonjwa mwingine mnatoka nao sekondari, si kosa lenu, ni mitihani. Swali likija "jadili nafasi ya mwanamke katika jamii" mkono unaandika wenyewe: mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe, mwanamke amechorwa kama mlezi wa familia, mwanamke amechorwa kama mtu asiye na maamuzi, mwanamke amechorwa kama jasiri. Hoja nne, mifano minne, hitimisho, maksi ishirini. Nimefundisha hivyo mwenyewe miaka sita kwa hiyo simcheki mtu. Lakini kwenye tasnifu ile orodha inaua, maana inamgawa Regina vipande vinne kama anachinjwa, wakati kwenye kitabu ni mtu mmoja, anayelea na anayenyamaza na anayeamua kunyamaza, na huko kuamua kunyamaza ndo kwenye kazi yako. Ukiona aya yako inaanza na "amechorwa kama" ifute uanze na anachofanya mhusika. Saa hiyo anafanya nini? Anapika nini, anaficha hela wapi, anamjibu nani na hamjibu nani.

Sasa kuna kitu kiko bure kabisa na watu hawakitumii: lugha yenyewe. Mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Mwanaume anaacha, mwanamke anaachwa. Na kuna "kuozwa", hapo hata mwanaume hayumo, kuna mtu wa tatu nyuma kashika kamba. Siyo lazima uwe mwanaisimu. Wewe fungua sura unayoichambua upigie mstari kila kitenzi cha ndoa uone nani katenda na nani katendwa, halafu tafuta ni wapi mwandishi anavunja. Utakuta mahali mwanamke "kamwacha" mume, au "kaondoka", na mara nyingi hapo ndo riwaya inapogeuka. Kuna pia maneno ya kulainisha, haya yaandikie daftari lake: kumtia adabu, kumrudi, kumnyoosha, kumfunza. Kuna msemo wa wagombanao ndio wapatanao, unautamkia ugomvi wa watu wawili hata kama aliyevimba jicho ni mmoja. Kuna funika kombe mwanaharamu apite. Mhusika gani anayasema hayo? Nakwambia mara nyingi si mume. Ni shangazi, ni mama mkwe, ni jirani mwema kabisa aliyekuja na sahani ya maandazi.

Na hapo ndo tunafika kwa Mwana Kupona, mshairi wa zamani, ambaye naona mnamuonea sana.

Kila tasnifu ya topiki hii lazima impitie, aya moja, anatajwa kama ushahidi kwamba zamani wanawake walifundishwa utumwa, basi, kesi imefungwa. Mimi nilifanya hivyohivyo. Utendi wenyewe, yaani shairi lake refu la mawaidha, ni wa 1858, katunga Mwana Kupona binti Mshamu kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, mama anaumwa na anaona safari imekaribia, na kweli haikupita miaka mingi akafariki. Ni beti mia moja na kidogo. Mnaokariri ni hizi:

Mama pulika maneno
kiumbe ni radhi tano
ndipo apate usono
wa akhera na dunia

Pulika ni sikiliza, usono ni raha. Na radhi ya tano, baada ya Mungu, Mtume, baba na mama, ni ya mume. Halafu anaendelea kwamba siku ya kufufuliwa mume ndiye ataulizwa, akitaka uende peponi utakwenda, akisema motoni huna budi utatiwa. Nzito, sikatai. Na ule ubeti mwingine ambao kila mtu anaujua:

Enda naye kwa adabu
usimtie ghadhabu
akinena simjibu
itahidi kunyamaa

Yaani akisema usimjibu, jitahidi kunyamaza. Basi mtu anaishia hapo anaandika "mshairi anaunga mkono mfumo dume". Lakini soma mbele, usichoke. Kuna ubeti anasema "mtunde kama kijana, asiyoyua kunena". Mtunze kama mtoto asiyejua kusema! Huyo huyo aliyeshika funguo za pepo yako, mchukulie kama kichanga. Kuna anayesoma pale akaona mapenzi, kuna anayeona kejeli, kuna anayeona siasa, wataalamu wameshabishana juu ya hilo kwenye majarida na bado. Mimi ninachokiona, na ni maoni yangu mnaruhusiwa kubisha, ni mwanamke anayemrithisha binti yake ramani ya nyumba ambayo hakuijenga yeye. Hapa pana shimo, hapa pana nyoka, hapa ukikanyaga taratibu unapita. Kumbuka pia alikuwa mjane wakati anatunga. Mumewe Bwana Mataka alikuwa mtawala wa Siu, mji wa kisiwa cha Pate, mtu aliyepigana na Sultani wa Zanzibar, na alishakufa. Yeye mwenyewe anasimulia kwamba waliishi kwa mapenzi bila kuteta. Kwa hiyo usiniandikie kwamba Mwana Kupona alikuwa mke anayepigwa, utendi hausemi hivyo popote. Unachoweza kusema ni kwamba utendi unatuonyesha sheria za mlango zikielezwa na mtu aliye ndani, kwa sauti ya mapenzi, kwa mtoto wake. Hilo kwangu linaumiza zaidi kuliko kofi la Zakaria. Maana Zakaria unamwona anakuja, analewa, anapiga kelele. Mama anayekwambia "negema wangu binti", sogea mwanangu, huyo utamkatalia vipi?

Na kungwi anayewafunda mabinti ni yuleyule. Na nyimbo za kubembelezea watoto, mnazipita mnadhani ni za watoto. Ile ya "ukilia waniliza, wanikumbusha ukiwa" mtoto haelewi neno hata moja, anayeongea pale ni mke aliye mbali na kwao na hana mwingine wa kumwambia. Ukiweza kupata nyanya au bibi wa kukuimbia mbili tatu, ukamwomba ruhusa vizuri ya kurekodi, utakuwa na sura nzima ambayo hakuna mtu kaiandika.

Sasa niseme kuhusu sheria maana hapo niliaibika. Kwenye utetezi wa pendekezo langu nilisema kwa kujiamini kabisa kwamba Kezilahabi aliandika wakati ambapo sheria ilimruhusu mume kumpiga mke. Mzee mmoja pale mezani akaniuliza sheria gani? Kimya. Akaniambia kasome. Nikaenda kusoma nikakuta Sheria ya Ndoa ya Tanzania ni ya mwaka 1971, mwaka uleule wa Rosa Mistika, na kifungu cha 66 kinasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko kwa mila yoyote ile. Sasa ona utajiri niliokuwa naukanyaga! Mwaka mmoja, karatasi mbili, moja inasema hairuhusiwi, nyingine inaonyesha kijiji ambako hiyo habari haijafika au imefika na hakuna aliyejali. Hoja yangu ya zamani ilikufa, ikazaliwa bora mara kumi.

Ila nako usikimbilie. Mwenzangu mmoja alichukua sheria hiyohiyo akaipeleka kwa Yasmin wa Vuta n'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi, akasema ndoa ya Yasmin ilikuwa halali kwa sababu sheria ile inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa wazazi wakiridhia. Kweli kifungu hicho kipo, na Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba ni kinyume cha Katiba, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Lakini Yasmin yuko Zanzibar, tena wakati wa mkoloni, na Sheria ya Ndoa ni ya Tanzania Bara. Haimgusi kwa miaka wala kwa mahali. Ukileta sheria kwenye fasihi uliza kwanza ya wapi na ya lini.

Tukiwa hapohapo kwa Yasmin, huyu ndiye dawa ya wote wanaohesabu makofi. Binti wa Kihindi, miaka 15, kaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu mzima wa kumzaa. Ukimtafuta Raza kama Zakaria humpati. Hana ulevi wala ngumi, kwa macho yake mwenyewe anampenda mkewe na anamlisha. Nilimpa mwanafunzi mmoja atafute ukatili kwenye zile sura za mwanzo akarudi akaniambia dada hakuna, mzee wa watu mpole. Nikamwambia haya, sasa niambie ni nani alimuuliza Yasmin. Akatafuta. Akarudi akacheka ile ya kukata tamaa. Na angalia baadaye Yasmin anapomtoroka huyo mume na kurudi, kwao wanamkataa, anaishia kupokelewa na Mwajuma, jirani ambaye ndugu zake Yasmin wangemwonya asikae naye. Hapo mlango umefungwa na ukoo mzima, Raza hata hayupo chumbani. Shafi Adam Shafi alimwandika Raza vile makusudi, naamini hivyo, maana angemfanya katili sisi tungemlaumu yeye peke yake tukalala usingizi.

Kwa sababu hiyo huwa nawaambia watu msiwapende sana wahusika wabaya. Mume zimwi ni rahisi kumchambua na msomaji naye anajisamehe kirahisi, kila mwanaume darasani anasema mimi siko hivyo. Tafuta mwanaume mwema. Kwenye Purple Hibiscus, riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie wa Nigeria, ya 2003, Eugene ni mtu wa kanisa, anasaidia maskini, ana gazeti linaloisema serikali ya kijeshi bila woga, nje ni shujaa wa kweli kabisa siyo wa kuigiza. Ndani mkewe Beatrice akishapigwa anaonekana anafuta vumbi vile vinyago vidogo vya kaure vilivyoko sebuleni, anavisugua taratibu kimoja kimoja. Binti yao ndiye anayesimulia na yeye hasemi "baba alimpiga mama". Anasema habari za vinyago. Unajua kapigwa kwa sababu vinyago vinang'aa. Na Eugene ana desturi ya kuwapa watoto wake waonje chai yake kwanza, ya moto, inaunguza ulimi, na binti anaona yale ndiyo mapenzi. Mwisho wa yote sumu inapita kwenye chai hiyohiyo. Mimi nikisoma pale najua nimefundishwa kitu: ukatili kwenye kazi nzuri unakaa kwenye vyombo vya nyumbani. Chai, kitambaa cha vumbi, ufunguo. Kwenye kazi unayosoma wewe chombo hicho ni kipi? Kitafute, kifuate kutoka sura ya kwanza mpaka ya mwisho, utashangaa.

(Ndiyo, unaruhusiwa kutumia kazi za Kiingereza kulinganisha hata kama uko idara ya Kiswahili. Mimi niliambiwa haifai, nikaambiwa inafaa, nikaambiwa tena haifai. Muulize msimamizi wako mapema, kwa maandishi.)

Kuna jingine la maneno nisilisahau. Ama Ata Aidoo wa Ghana ana riwaya inaitwa Changes, ya 1991. Mume anamwingilia mkewe kwa nguvu asubuhi kabla ya kwenda kazini, na yule mke, Esi, msomi kabisa mwenye kazi yake nzuri, anakaa anawaza kitendo kile kinaitwaje kwa lugha ya kwao, anazipitia lugha za Afrika moja moja kichwani, na Kiswahili nacho kimo. Hapati. Sisi siku hizi tunasema ubakaji ndani ya ndoa, lakini hilo si neno, ni maelezo, na hata sheria ya jinai ya Tanzania baada ya mabadiliko ya 1998 inamtambua mke kama aliyebakwa pale tu walipokuwa wametengana. Kwa hiyo ukisoma riwaya zetu za zamani usitafute neno, hulipati. Tafuta jinsi msimulizi anavyozunguka. Anaruka mpaka asubuhi, anaelezea mvua, anaweka nukta tatu. Mle kwenye kuruka ndo kuna tukio, na kama tasnifu yako ina "kimya" kama dhana basi ni hapo utaitumia, siyo kila mahali kama chumvi.

Sasa ya darasani, maana wengi wenu mtakuja kufundisha.

Nilikuwa nafundisha kidato cha tano shule moja ya bweni, tunasoma pale Tamima anapofungiwa, wavulana wa nyuma wanachekacheka kama kawaida yao. Binti mmoja wa mstari wa mbele, mpole, hajawahi kunyoosha mkono tangu muhula uanze, akanyoosha. Akauliza, madam, mama yangu akitaka kwenda kliniki na yeye huwa anaomba ruhusa kwa baba, baba asipokuwepo haendi, na hiyo nayo ni ukatili? Darasa likanyamaza mpaka unasikia feni. Mimi nikamjibu haraka haraka, tusichanganye kitabu na maisha, turudi kwenye maudhui. Akaweka mkono chini. Hakunyoosha tena mpaka wanamaliza shule.

Mpaka leo naikumbuka ile kalamu aliyokuwa ameshika, Bic ya buluu imetafunwa mwisho. Alikuwa kaielewa Utengano kuliko mimi niliyeandikia tasnifu. Ningemjibu nini? Ningesema swali zuri, tuulize kitabu, Tamima angeomba angepewa? Na baada ya kipindi ningemtafuta pembeni siyo mbele za watu, nikamsikiliza tu kwanza bila kumpa mhadhara, na kama kuna jambo kubwa kuna matroni, kuna dawati la jinsia polisi. Sikufanya hata kimoja. Wewe utakayefundisha kitabu cha namna hii jua kabla hujaingia darasani kwamba kati ya watoto arobaini wapo ambao kwao ndo kulekule, na usimlazimishe mtoto yeyote asome kwa sauti kurasa za kipigo. Wavulana wanaocheka nao usiwafokee sana, wengine wanacheka kwa sababu wanamjua Zakaria wao.

Na wewe mwenyewe pia. Hakuna aliyeniambia hili: miezi minane unasoma kurasa za namna hiyo kila usiku inakaa mwilini. Mimi nilifika mahali shemeji yangu akipandisha sauti kwenye simu chumba cha pili nastuka, na yule shemeji anaongea na fundi bomba. Nilijiwekea sheria nisisome hizo sura baada ya saa mbili usiku, usiku nafanya kazi za kijinga, marejeo, namba za kurasa, kupanga pambizo. Ilisaidia. Mambo ya kwenda kuhoji wanawake mtaani ili "kulinganisha na hali halisi" mimi siyashauri kama idara yako haijakupa mafunzo na kibali, unafungua kidonda cha mtu halafu unarudi hosteli na daftari lako, na yeye anabaki na mumewe anayeuliza ulikuwa unaongea nini na yule dada.

Kuhusu nadharia nitakuwa mfupi kwa sababu wasimamizi wenu watawachosha nazo. Chagua moja, uielewe, uitumie. Usiandike kurasa ishirini za historia ya ufeministi halafu uchambuzi wenyewe kurasa tisa, nimeona hiyo zaidi ya mara moja. Na nadharia isikufanye umpe mhusika maneno asiyoyasema. Regina hajasoma mwanafeministi yeyote wa Ufaransa.

Wale wanne niliowataja mwanzo, mmoja kanirudia juzi. Jedwali bado analo ila kabadilisha safu, sasa ziko: nani anatoka, anamuomba nani, anarudi saa ngapi, nani anajua. Kaniambia dada kwenye riwaya yangu kuna sura mbili nzima hazina kofi hata moja na ndo zimejaa kuliko zote. Kapeleka kwa msimamizi wake Jumatatu, bado hajajibiwa. La kwangu lile la rangi nalo lipo, liko ndani ya faili chini ya kitanda, njano imeshapauka yote imebaki nyekundu. Anayelitaka kwa kujifunzia makosa aje alichukue, ila alirudishe.